Jaramogi: Alisaidia kuvunja majimbo, kisha rungu la Nairobi likamrudia

UKITEMBEA Kisumu leo, jina la Jaramogi Oginga Odinga utakutana nalo kila upande. Barabara kubwa ya katikati mwa mji inaitwa kwa jina lake. Hospitali kubwa ya rufaa iliyo kando ya barabara ya kwenda Kakamega ina jina lake. Na ukienda hadi Bondo utapata chuo kikuu chenye jina hilohilo. Lakini muulize kijana wa miaka 20 Mzee huyu alifanya nini hasa. Wengi watakwambia alikuwa babake Raila na makamu wa kwanza wa rais. Basi, hadithi inaishia hapo.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo inatuhusu sana sisi tunaoishi katika enzi ya kaunti. Kila mwaka tunasikia pesa za kaunti zimechelewa, magavana wanavutana na serikali kuu, na watu wanabishana hospitali fulani isimamiwe na nani. Mvutano huu si wa jana. Jaramogi aliuishi, tena kutoka pande zote mbili. Alikuwa mmoja wa vigogo waliovunja serikali za majimbo zilizokuwepo Kenya ilipopata uhuru. Kisha kwa karibu miaka 30 akawa mtu aliyechapwa zaidi na mamlaka yaliyorundikwa Nairobi baada ya majimbo hayo kufa.

MWALIMU ALIYETAKA WATU WAJITEGEMEE

Alizaliwa mwaka wa 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Bondo, ambako siku hizi ni Kaunti ya Siaya. Alisoma Maranda, akaenda Maseno, akapita Alliance, kisha akavuka mpaka hadi Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Baadaye akarudi Maseno kufundisha.

Wamishenari walikuwa wamembatiza Obadiah Adonijah. Majina hayo aliyaacha. Alipotaka watoto wake nao wabatizwe kwa majina ya Kiafrika, akazozana na watu wa kanisa. Kwake halikuwa suala la jina tu. Swali lilikuwa nani ana haki ya kuamua mambo ya nyumba yako: wewe, au mtu aliyekaa ofisini mbali na nyumba hiyo?

Swali hilo ndilo lililomwingiza kwenye biashara. Mnamo 1947, yeye na wenzake walianzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation. Wazo lilikuwa rahisi. Watu wachange vijihela vyao kidogokidogo, wanunue hisa, wajenge maduka na majengo yao wenyewe. Jaramogi alizunguka huku na huku akiwatafuta Waluo waliokuwa wakifanya kazi mbali na nyumbani, akiwaomba wawekeze. Kampuni ikawa pia na kiwanda cha uchapishaji jijini Nairobi, kilichochapa magazeti ya Waafrika.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Chama cha Luo Union kilimfanya Ker, yaani kiongozi mkuu wa jamii, naye akaanza kuitwa Jaramogi, maana yake mtu wa Ramogi. Ramogi ni yule babu wa kale ambaye Waluo husema ndiye aliyewaongoza hadi nchi hii ya ziwa. Picha zake nyingi zinamwonyesha na kofia ya shanga kichwani na usinga mkononi.

Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni, akiwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Mwaka uliofuata, 1958, alisimama barazani na kutangaza kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliokuwa kifungoni bado ndio viongozi halisi wa Waafrika. Wakati huo kulitaja jina la Kenyatta kwa sifa hakukuwa mchezo. Wazungu walikasirika, na hata baadhi ya Waafrika wenzake walimkwepa. Lakini hatimaye wito wa kumtaka Kenyatta aachiliwe ukawa wa nchi nzima.

MAJIMBO YALIKUWA NINI?

Ili umwelewe Jaramogi wa miaka iliyofuata, lazima kwanza ujue majimbo yalikuwa kitu gani.

Mnamo 1960 vilizaliwa vyama viwili vikubwa. KANU ilikuwa na nguvu hasa kwa Wakikuyu na Waluo. James Gichuru alikuwa kiongozi wake wakati Kenyatta akiwa bado kizuizini, Jaramogi akawa naibu wa kiongozi, na Tom Mboya, kijana machachari ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, akawa katibu mkuu. KADU nayo ilikuwa ya kina Ronald Ngala kutoka Pwani, Masinde Muliro kutoka Magharibi na Daniel arap Moi kutoka Bonde la Ufa. Ilibeba jamii ambazo ziliogopa kumezwa na makabila makubwa baada ya uhuru. Hofu yao kubwa ilikuwa ardhi. Wazungu wakiondoka, walijiuliza, mashamba ya Bonde la Ufa yataenda kwa nani?

Dawa ambayo KADU ilipendekeza iliitwa majimbo. Kila eneo liwe na serikali yake na bunge lake, na Nairobi isiwe na sauti ya mwisho juu ya kila kitu. Baadhi ya walowezi wa Kizungu waliipenda fikra hiyo kwa sababu zao wenyewe, na jambo hilo liliwapa KANU silaha ya maneno. Kwa Jaramogi, majimbo yalikuwa mtego wa mkoloni: anaondoka mlangoni, halafu anarudi dirishani akiwa ameikata nchi vipande.

Hata hivyo, kwenye mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London, kuanzia Februari hadi Aprili 1962, KANU ilikubali mpango huo shingo upande. Viongozi wake walijua kwamba wakiendelea kubishana uhuru utachelewa. Hesabu yao ilikuwa hii: tuchukue serikali kwanza, katiba tutairekebisha tukiwa ndani. Serikali ya muungano wa KANU na KADU iliundwa mwaka huo, lakini Jaramogi aliachwa nje. Waingereza walimshuku kwa urafiki wake na nchi za Kikomunisti.

Katiba iliyotokea iliigawa Kenya katika majimbo saba, ukiacha eneo la Nairobi. Nyanza lilikuwa mojawapo. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake la kuchaguliwa na lilipewa kazi zake katika mambo kama ardhi, shule, afya, serikali za mitaa, na hata sehemu ya shughuli za polisi. Kitaifa kulikuwa na mabunge mawili: Bunge la Wawakilishi na Seneti yenye maseneta 41. Na kulikuwa na ukuta mrefu wa kuyalinda majimbo. Vifungu vilivyoyahusu havingebadilishwa mpaka robo tatu ya wawakilishi na asilimia 90 ya maseneta wakubali. Waliouchora ukuta huo waliamini hakuna atakayeweza kuuruka.

UKUTA ULIVYOANGUKA

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963. Tarehe 1 Juni Kenya ikapata serikali ya ndani, Kenyatta akiwa waziri mkuu. Jaramogi akapewa wizara ya mambo ya ndani. Mboya akapewa sheria na mambo ya katiba. Kwa hiyo watu wawili wa ziwa, ambao wenyewe kwa wenyewe hawakupikika chungu kimoja, walikaa meza moja wakiwa na lengo moja: kuhakikisha mamlaka yanabaki Nairobi.

Hawakulificha lengo hilo. Kabla hata ya bendera kupandishwa Desemba 12, 1963, KANU ilikuwa imerudi London na kupata baadhi ya nguvu za majimbo zipunguzwe. Baada ya uhuru, serikali kuu haikuwa na haraka ya kuyakabidhi majimbo kazi na pesa zake. Na jimbo bila pesa ni nini, kama si jina tu? Wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja baada ya mwingine, wakifuata penye ugali. Novemba 1964 Ngala akatangaza kwamba KADU imejivunja na kuingia KANU. Ile asilimia 90 ya maseneta, ambayo ilionekana ni mlima, ikawa tuta.

Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri. Majimbo yaliporwa mamlaka yake karibu yote, yakawa mikoa, na mabunge yake yakabaki maganda matupu hadi yalipofutwa kabisa mwaka wa 1968. Kenyatta akawa rais mwenye nguvu zote za utendaji. Na siku hiyohiyo Jaramogi akawa makamu wa rais.

Tusiwe wepesi wa kumhukumu. Alikuwa na sababu, tena zenye uzito. Aliamini kwamba ni serikali moja yenye nguvu tu inayoweza kuchukua ardhi ya walowezi na kuwapa maskini, kuleta elimu ya bure na kujenga hospitali hata sehemu ambazo hazina kahawa wala chai ya kutozwa ushuru. Majimbo yangeziacha sehemu maskini na umaskini wao. Pia aliogopa kwamba neno majimbo lingegeuka kuwa sababu ya kumfukuza mtu kwa kuwa amezaliwa kabila jingine. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya vigogo wa KANU walilifufua neno hilohilo kwenye mikutano, na kilichofuata Bonde la Ufa ni watu kuchomewa nyumba na kutimuliwa mashambani.

Kosa la Jaramogi lilikuwa mahali pengine. Alipokuwa akiijenga serikali yenye nguvu, aliichora kichwani ikiwa mikononi mwa watu wanaofikiri kama yeye. Hakuweka akiba kwa siku ambayo ingekuwa mikononi mwa wasiompenda. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe.

LIMURU NA BAADAYE

Siku hiyo haikukawia. Jaramogi na Kenyatta walianza kutofautiana kuhusu ardhi, kuhusu utajiri waliokuwa wakijirundikia baadhi ya viongozi, na kuhusu urafiki wa Kenya na nchi za Magharibi. Februari 1965 rafiki yake mkubwa kisiasa, mbunge Pio Gama Pinto, akapigwa risasi na kuuawa Nairobi. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa ili katiba iweze kurekebishwa kwa asilimia 65 tu ya wabunge. Ukuta uliobaki ukashushwa hadi usawa wa kiuno.

Machi 1966 KANU iliitisha mkutano Limuru. Cheo cha naibu wa chama, alichokuwa nacho Jaramogi, kilivunjwa na mahali pake pakawekwa manaibu wanane. Mboya alikuwa mmoja wa waliopanga mchezo huo. Mzee akaelewa ujumbe. Aprili akajiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama kipya cha KPU, naibu wake akiwa Bildad Kaggia.

Sasa angalia mambo yalivyokwenda kasi. Siku chache tu baada ya wabunge kuhama naye, Bunge liliitwa na kupitisha rekebisho la katiba: anayehama chama lazima arudi kwa wapiga kura. Ukaitishwa uchaguzi mdogo Juni 1966. KPU ikabaki na viti tisa pekee, vingi vikiwa vya Nyanza. Mwaka huo pia likaja rekebisho la kuiruhusu serikali kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Kisha Seneti ikaunganishwa na Bunge la Wawakilishi, ikafa. Chini ya ile katiba ya uhuru, Seneti ingeweza kusimama njiani. Lakini waliokuwa wameizoea kuipinda katiba walikuwa ni walewale waliofundishana kazi hiyo mwaka wa 1964, naye Jaramogi akiwa mezani.

Mwaka wa 1967 alitoa kitabu chake cha Kiingereza, Not Yet Uhuru, na jina lenyewe linasema yote: uhuru ulikuwa bado haujafika.

Mwaka wa 1968 ulikuja uchaguzi wa madiwani. Hapo ndipo watu wa kawaida wa pwani ya ziwa walipoonja maana ya mamlaka kukaa mahali pamoja. Fomu za wagombea wa KPU nchi nzima zilikataliwa na maafisa wa serikali kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Wa KANU wakapita bila kupingwa. Maafisa hao hawakuwajibika kwa mtu yeyote wa Nyanza. Bosi wao alikuwa Nairobi. Na mwaka uliofuata, 1969, ikapitishwa sheria ya kuzinyang'anya halmashauri za wilaya shule za msingi, afya na barabara, zikarudi kwa serikali kuu. Kuanzia hapo hata zahanati ya kijijini ilitegemea ofisi ya mbali.

OKTOBA 25, 1969

Wakati wa urafiki wake na nchi za Kikomunisti, Jaramogi alikuwa amesaidia kupatikana kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti kujenga hospitali mpya Kisumu. Watu waliiita Russia, na wazee wengine wanaiita hivyo hadi leo. Ilipokamilika, Rais Kenyatta alikuja mwenyewe kuifungua, Oktoba 25, 1969.

Hali ilikuwa mbaya tayari. Julai 5 Mboya alikuwa ameuawa kwa risasi mchana jijini Nairobi, na Nyanza nzima ilikuwa na uchungu. Siku ya ufunguzi umati ulimzomea Rais. Kenyatta na Jaramogi wakarushiana maneno makali hadharani, mbele ya kila mtu. Mambo yalipochacha, walinzi wakaufyatulia umati risasi huku msafara wa Rais ukiondoka. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wengi mjini wamekuwa wakisema idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Walikuwemo watoto wa shule.

Siku tano baadaye, Oktoba 30, KPU ikapigwa marufuku. Jaramogi na wabunge wake wakatupwa kizuizini, wakitumia ileile sheria ya 1966. Kenya ikabaki na chama kimoja. Tangu Desemba 1964 alipoapishwa kuwa makamu, hata miaka mitano ilikuwa haijatimia.

Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba majimbo yangemwokoa Mzee. Labda yangeleta balaa jingine. Ila jambo moja linaonekana wazi. Mwaka wa 1963 Kisumu ilikuwa makao ya jimbo lenye bunge lake la kuchaguliwa. Mwaka wa 1969 haikuwa na baraza lolote lenye meno ambalo lingeweza hata kuuliza nani alitoa amri ya kupiga risasi.

MIAKA YA KUFUNGIWA NJE

Aliachiliwa mwaka wa 1971. Akarudi KANU, kwa kuwa hakukuwa na chama kingine, lakini mlango ulibaki umefungwa. Alizuiwa kugombea mwaka wa 1974, akazuiwa tena 1979.

Wakati huo Kenyatta alikuwa amefariki na Moi ndiye aliyekuwa rais. Hapa kuna jambo la kushangaza, na pengine ndilo somo kubwa kuliko yote. Moi ndiye yule wa KADU, aliyelilia majimbo mwaka wa 1962 kwa kuogopa Nairobi yenye nguvu. Alipokalia kiti hicho mwaka wa 1978, aliyarudisha majimbo? Wapi! Alikitumia kiti kama alivyokikuta, hata akakiongezea nguvu, kwa miaka 24. Jaramogi aliyataka mamlaka ya Nairobi akiwa na matumaini ya kuyatumia, kisha yakamwangukia. Moi aliyaogopa akiwa nje, kisha akayapenda akiwa ndani. Wote wawili walikuwa wanasiasa wazoefu, na wote wawili waliyapima mamlaka kwa kuangalia wao wenyewe wameketi wapi.

Kwa muda mfupi Moi alijaribu kumrudisha Mzee karibu, akampa uenyekiti wa bodi ya pamba. Lakini mwaka wa 1981, baada ya Jaramogi kumshutumu hadharani marehemu Kenyatta kwa unyakuzi wa ardhi, nafasi ya kurudi Bungeni kupitia Bondo ikapotea. Mwaka wa 1982 yeye na George Anyona walipokuwa wakipanga kuunda chama kipya, Bunge likakimbilia kubadilisha katiba: KANU ndicho chama pekee kinachoruhusiwa kisheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo, Jaramogi akafungiwa nyumbani kwake Kisumu.

Ungedhani mtu wa umri wake angekata tamaa. Mwaka wa 1991, akiwa anakaribia miaka 80, alijaribu kusajili chama, akakataliwa. Agosti mwaka huo akaungana na wenzake kuanzisha FORD. Shinikizo la ndani na la nje likazidi, na Desemba kifungu cha chama kimoja kikaondolewa. Kwenye uchaguzi wa Desemba 1992 aliwania urais kupitia FORD-Kenya, akamaliza wa nne, lakini akarudi Bungeni kama mbunge wa Bondo. Ilikuwa zaidi ya miaka 20 tangu atolewe.

Mwaka wa 1993 alifanya jambo lililowaudhi wafuasi wake wengi. Alitangaza kwamba atashirikiana na serikali ya Moi. Walisema Mzee amechoka, wengine wakasema amenunuliwa. Yeye alitoa hoja kwamba sehemu zao zimekaa bila maendeleo kwa muda mrefu mno. Fikiria hapo kidogo. Mtu aliyepinga serikali kwa karibu miaka 30 anafika uzeeni na kuona kwamba barabara na maji kwa watu wake hayapatikani mpaka aende kwa Rais kuomba. Hivyo ndivyo nchi ilivyokuwa imepangwa: ukikosana na mtu mmoja Nairobi, mkoa mzima unalipa.

Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994 na kuzikwa nyumbani kwake Nyamira Kang'o.

SASA NI ZAMU YETU

Miaka 16 baadaye, Agosti 4, 2010, Wakenya walipigia kura katiba mpya, na Agosti 27 ikazinduliwa. Haikurudisha majimbo saba. Ilileta kaunti 47 na kuirudisha Seneti. Watu wa ziwa sasa wana kaunti za Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, kila moja na gavana na bunge lake. Katiba inasema kaunti zote kwa jumla zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Afya, kilimo, masoko, barabara za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini vikapelekwa kwa kaunti. Polisi, shule za msingi, shule za upili na vyuo vikuu vikabaki kwa serikali kuu. Ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, hata ile hospitali ya Russia, ambayo tayari ilikuwa imepewa jina la Jaramogi, iliwekwa chini ya Kaunti ya Kisumu.

Waliouandika mpango huu walijifunza kutokana na 1964. Safari hii wabunge peke yao hawawezi kuvunja kaunti. Ili kubadilisha muundo wa ugatuzi ni lazima kura ya maamuzi ipigwe, na katika angalau nusu ya kaunti wajitokeze angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa. Kwa maneno mengine, ukuta safari hii hauko mikononi mwa maseneta 41 wanaoweza kuhama chama. Uko mikononi mwako.

Lakini tusijidanganye. Katiba ya 1963 nayo ilionekana haiwezi kuguswa. Iliangushwa kwanza kwa kucheleweshewa pesa, halafu kwa viongozi wa majimbo wenyewe kuhama, na mwisho kwa kura Bungeni. Kwa hivyo ukisikia kaunti yako haijalipa madaktari kwa sababu pesa hazijatoka Nairobi, usiseme ni mambo ya wakubwa. Na ukisikia pesa zilitoka lakini zikaliwa na watu wa gavana, usinyamaze ati kwa kuwa huyo ni mtu wetu. Kaunti inayoiba ndiyo inayowapa watu wa Nairobi sababu nzuri ya kusema ugatuzi umefeli, rudisheni kila kitu huku. Bajeti ya kaunti haipiti kabla ya wananchi kuitwa kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa wazee, na vijana huwa ni wa kuhesabika.

Kuna kipimo kimoja ambacho maisha ya Jaramogi yanatuachia. Mtu akikuomba uunge mkono mamlaka zaidi kwa rais, au zaidi kwa gavana, usiangalie tu nani amekalia kiti leo. Mchukue mwanasiasa unayemchukia kuliko wote, mweke kwenye kiti hicho kichwani mwako, umpe polisi wote, pesa zote na sheria hiyo mpya, halafu ujiulize kama bado ungepiga kura ya ndiyo. Mnamo 1964 Jaramogi hakujiuliza hivyo, na watu wa Kisumu walikuja kupata jibu lake barabarani.